Matembezi ya Asubuhi ya Baridi Katika Mashamba ya Pwani: Namna ya Kuwaona Ndege na Wanyama Bila Kuwafukuza

Kila majira ya baridi yanapoingia, watu wanaoanza kutembea katika mashamba ya pwani ya mashariki ya Uingereza huuliza maswali yale yale: waende saa ngapi, wapite wapi bila kuingia katika mali ya mtu, kwa nini wamekuta shamba tupu, na kwa nini mamia ya ndege waliokuwa mbele yao wameruka wote kabla hawajainua darubini. Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa matembezi yenyewe, tangu siku ya kuchagua tarehe hadi dakika ya kurudi. Umeandikwa kwa ajili ya ukanda unaoanzia ghuba ya The Wash, ukapita pwani ya kaskazini ya Norfolk na kushuka hadi Suffolk na Essex, kwa kuwa huko mashamba ya ngano na viazi sukari (mizizi inayolimwa kwa kutengenezea sukari) hufika hadi kwenye tuta la kuzuia bahari, na ng'ambo ya tuta kuna vinamasi vya maji ya chumvi na matope mapana yanayofunuka maji yanapokupwa.

Kuna jambo moja linalopaswa kujulikana kabla ya mengine. Mwishoni mwa Desemba mchana wa huko haufikishi hata urefu wa saa nane, na ndege anapaswa kula vya kutosha katika muda huo ili avuke usiku mrefu wa baridi. Kila anaporushwa hupoteza nguvu pamoja na dakika za kula, na asubuhi yenye barafu hana mahali pa kuzifidia. Kwa hiyo matembezi yaliyofanikiwa ni yale ambayo ndege waliendelea kula ulipokuwapo na baada ya kuondoka kwako. Hatua zote zinazofuata zimejengwa juu ya kipimo hicho, na bahati njema ni kwamba anayekifuata ndiye pia anayeona mengi.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Darubini ya macho mawili. Iliyoandikwa 8x42 au 8x32 inatosha kabisa. Namba ya kwanza ni ukuzaji na ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Wanaoanza huvutiwa na ukuzaji wa 12 au zaidi, lakini picha yake hutetemeka, hasa mikono ikiwa imekufa ganzi, na eneo linaloonekana huwa finyu mno kwa kufuata kundi linaloruka.
- Gambuti zenye nafasi ya kutosha soksi mbili nene. Kiatu kinachobana mguu huuzidishia baridi, hata soksi ziwe nzuri namna gani.
- Nguo za tabaka kadhaa, kofia ya sufu, skafu, na glavu unazoweza kushikia darubini bila kuzivua. Koti la juu lizuie upepo, na lisiwe la kitambaa kinachopiga kelele kila unapoinua mkono.
- Ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, ya kipimo cha 1:25,000, ambayo huonyesha njia za umma kwa vistari vya kijani.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari iliyo karibu na unakokwenda.
- Penseli na daftari dogo. Wino hugoma katika baridi na unyevu, penseli haigomi.
- Simu yenye chaji kamili, ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa kuwa betri huishiwa nguvu haraka kwenye baridi.
- Kinywaji cha moto katika chupa ya chai, na chakula cha kuliwa kwa mkono mmoja.

Mbwa ni bora abaki nyumbani. Ikiwa lazima aje, awe kwenye kamba fupi muda wote, maana ndege humwona mbwa, hata mpole, kuwa ni mwindaji.

Hatua za matembezi

1. Chagua siku kwa kuangalia maji, kisha mwezi, kisha upepo.

Watu wengi huchagua siku kwa kuangalia kama kutakuwa na jua. Katika mashamba ya pwani jua ni jambo la mwisho. Ndege wengi wa mwambao hula kwenye matope maji yanapokupwa, na maji yanapojaa husukumwa hadi vinamasini na baadhi yao huvuka tuta kuingia mashambani. Kwa hiyo tafuta siku ambayo maji yatajaa kati ya macheo na saa tano asubuhi. Maji ya bamvua, yanayokuja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, hufunika matope yote na kuwasogeza ndege karibu zaidi. Wakati wa maji mafu sehemu ya matope hubaki wazi, na ndege wengi hawana sababu ya kuhama.

Bamvua huangukia takriban saa zile zile mahali pale pale. Katika The Wash hujaa asubuhi na mapema na jioni, na ndiyo sababu watu huenda Snettisham, kando ya ghuba hiyo, gizani kuona vitwitwi wa aina ya Calidris canutus wakinyanyuka kwa maelfu. Katika pwani ya Essex bamvua hujaa karibu na adhuhuri, hivyo huko ratiba ya asubuhi inahitaji siku za katikati, ambapo maji si ya bamvua wala si mafu. Kumbuka kuwa maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, kwa hiyo jedwali la juzi halitakusaidia leo. Saa za majedwali kwa kawaida ni za Greenwich, ambazo ndizo saa za Uingereza tangu mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi, hivyo wakati wa baridi hakuna haja ya kuongeza saa moja.

Kuhusu mwezi: mabata bukini wenye miguu ya waridi (Anser brachyrhynchus) wanaweza kula usiku kucha mwezi ukiwa mpevu na mbingu ikiwa wazi, na asubuhi yake msafara wao mkubwa wa alfajiri hupungua au hukosekana. Ukitaka bamvua pamoja na msafara huo, chagua bamvua ya mwezi kuandama. Upepo mkali wa kutoka baharini huzuia kusikia, huwalaza ndege nyuma ya matuta na kukutoa machozi. Siku tulivu yenye mawingu ni bora kuliko siku ya jua yenye upepo.

2. Chora njia yako kwenye ramani, na ujue haki yako inapoishia.

Nchini England njia ya umma ya waenda kwa miguu huwekewa mshale wa njano, na ile inayoruhusu pia farasi na baiskeli huwekewa mshale wa bluu. Haki uliyopewa ni ya kupita kwenye mstari huo, na haikuruhusu kuingia katikati ya shamba kumfuata sungura. Norfolk Coast Path, inayoanzia Hunstanton, ni mwanzo mwema kwa sababu alama zake ni wazi na sehemu nyingi hupita mpakani mwa mashamba na vinamasi. Panga mwendo wa kilomita nne au tano tu. Asubuhi nzima itaisha humo ukitembea inavyopaswa, na wanaopanga kilomita 15 huishia kutazama vidole vya gambuti zao.

Panga pia mwelekeo wa jua. Wakati wa baridi jua huchomoza kusini-mashariki na kukaa chini asubuhi yote. Pwani ya kaskazini ya Norfolk ina bahari upande wa kaskazini, kwa hiyo unapotazama vinamasi jua liko nyuma yako na rangi huonekana vizuri. Essex inatazama mashariki, na asubuhi ukielekeza macho baharini utaona vivuli vyeusi tu. Anza huko kwa kutazama upande wa nchi kavu na uache matope hadi jua lipande.

Tahadhari: usikate njia kupitia kinamasi cha chumvi hata kama kinaonekana kikavu. Maji hayaji kwa mbele peke yake. Hujaza kwanza vijito vya nyuma yako, na unapotambua huwa umezungukwa. Ukikwama au ukimwona aliyekwama, piga 999, namba ya dharura, na uombe Coastguard, yaani walinzi wa pwani.

3. Fika nusu saa kabla ya jua.

Kati ya mwisho wa Desemba na mwanzo wa Januari jua huchomoza huko kwenye saa mbili na dakika chache, hivyo hakuna haja ya kuamka usiku wa manane. Egesha gari mahali palipoandaliwa, na usizibe lango la shamba hata kwa dakika tano. Wakulima wa eneo hili husumbuliwa na watu wanaokuja alfajiri na mbwa wa mbio kuwinda sungura kinyume cha sheria, kosa ambalo adhabu zake ziliongezwa mwaka 2022, kwa hiyo gari geni langoni huwatia shaka kwa haki. Ukikutana na mkulima, simama, msalimie, mweleze unachofanya. Mara nyingi atakuambia ni shamba lipi limevunwa viazi jana, na habari hiyo haipatikani kwenye ramani yoyote.

4. Simama dakika 15 kabla ya kutembea.

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Tafuta mahali ambapo ua wa miti au ukingo wa tuta uko nyuma yako, usimame, usikilize. Mabata bukini hulala kwenye matope na fukwe za mchanga, na mwanga unapoanza kuingia hunyanyuka kundi baada ya kundi kuelekea mashambani. Utawasikia kabla ya kuwaona. Wenye miguu ya waridi wana sauti nyembamba, ya noti mbili au tatu za haraka, nao hupita juu kwa mistari mirefu yenye pembe. Mabata bukini weusi wadogo (Branta bernicla) wana sauti nzito ya kukoroma, huruka chini zaidi na kwa vurugu, na hawapendi kupanga mistari. Angalia upande wanaokwenda na mahali wanapoanza kushuka. Hapo ndipo utakapoelekea, kwa mzunguko.

5. Lisome shamba kwa zao lake.

Anayeanza hutafuta ndege. Mwenye mazoea hutafuta zao, kwa sababu zao humwambia ni ndege gani atakaowakuta.

Shamba la viazi sukari lililovunwa karibuni, ambalo bado lina majani na vichwa vya mizizi vilivyokatwa, ni la mabata bukini wenye miguu ya waridi. Hawa hutaga Iceland na Greenland, hufika kuanzia Septemba, na mabaki ya viazi ndiyo yanayowavuta Norfolk kwa wingi. Mtambue kwa kichwa na shingo yenye rangi nzito ya kahawia, mdomo mfupi mweusi wenye ukanda wa waridi, na miguu ya waridi. Asikuchanganye na bata bukini wa kijivu (Anser anser), ambaye ni mkubwa zaidi, ana mdomo wa rangi ya chungwa, na huonekana mwaka mzima. Shamba likishalimwa ndege huondoka siku hiyo hiyo, na hii ndiyo sababu mahali palipokuwa na elfu mbili Jumamosi panaweza kuwa patupu Jumanne.

Ngano changa iliyo karibu na tuta ni ya mabata bukini weusi. Wao hutoka tundra ya Siberia, pamoja na rasi ya Taimyr, na mwanzoni mwa msimu hula nyasi za baharini na miani. Chakula hicho kinapopungua huvuka tuta kuja kula majani ya ngano na nyasi za malisho. Ni wadogo, wana kichwa, shingo na kifua cheusi, alama ndogo nyeupe shingoni na sehemu ya nyuma nyeupe sana. Kinda wa mwaka huo ana mistari myeupe kwenye mabawa, na ni jambo jema kuwahesabu kinda katika kila kundi, kwa kuwa huonyesha kama majira ya kutaga huko Siberia yalikuwa mazuri au mabaya. Hasara ya mkulima hapa ni ya kweli, na baadhi yao hutumia mitambo ya gesi inayolipuka kwa vipindi ili kuwatisha ndege. Mlipuko unaojirudia kwa mpangilio ni mtambo huo, hauna hatari kwako ukiwa njiani.

Shamba lililolimwa linaonekana tupu, na hilo ndilo kosa la macho. Pitisha darubini polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, halafu urudi. Madonge ya udongo yataanza kuwa na macho. Hao ni ndege wa Pluvialis apricaria, wenye madoa ya dhahabu mgongoni, ambao husimama wote wakielekea upepo, na mara nyingi huchanganyika na Vanellus vanellus, mwenye kishungi kirefu na mgongo unaong'aa kijani. Wote wawili hula minyoo. Ardhi ikiganda kwa siku kadhaa huhama kwenda magharibi au kusini, kisha hurudi barafu ikiyeyuka.

Mabua yaliyoachwa baada ya mavuno ni hazina ambayo imepungua, kwa sababu nafaka nyingi siku hizi hupandwa vuli na shamba halipati nafasi ya kukaa na mabua. Palipobaki mabua yenye mbegu za magugu utakuta vipozamataza (Alauda arvensis) na makundi ya ndege wadogo wala mbegu. Hukaa chini bila kuonekana hadi ukaribie sana, kwa hiyo pita ukingoni peke yake, na wakiruka usiwafuate. Simama, mara nyingi huzunguka na kutua mita chache kutoka walipokuwa.

Malisho yenye mifereji na madimbwi yanastahili muda mrefu kuliko yote. Bata wa Mareca penelope, ambao dume wao ana kichwa chekundu-kahawia chenye paji la njano, hula nyasi kwa makundi na kupiga mluzi mwembamba unaosafiri mbali. Ndege mkubwa wa kahawia mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini ni Numenius arquata. Huingia malishoni maji yanapojaa, naye ni miongoni mwa ndege ambao Uingereza imewaweka kwenye orodha nyekundu ya walio hatarini. Juu ya mifereji huenda ukamwona Circus aeruginosus, mwewe wa matete, akiruka chini na mabawa yameinuliwa kidogo. Mtazame kwa heshima, kwa kuwa mwaka 1971 ilibaki jozi moja tu iliyotaga katika Uingereza nzima, na leo mtu aweza kuwaona kadhaa kwa asubuhi moja.

6. Tembea chini ya upeo wa macho ya ndege.

Mtu anayetembea juu ya tuta la bahari huonekana kwa kilomita nzima pande mbili, akiwa amechorwa dhidi ya anga. Ikiwa njia ya umma inapita chini ya tuta upande wa nchi kavu, itumie hiyo, na upande juu mahali pachache tu, polepole, ukiinua kichwa kwanza na kukaa kimya. Rangi ya nguo ina umuhimu mdogo kuliko watu wanavyodhani. Mwendo wa ghafla na umbo la mtu angani ndivyo vinavyowarusha.

Jifunze kuyasoma makundi. Kichwa kimoja kimoja kikiinuka ni ulinzi wa kawaida. Nusu ya kundi wakiacha kula na kunyoosha shingo, simama hapo hapo usisogee. Wakianza kutembea kwa pamoja kwenda upande wa pili, umekwisha karibia kupita kiasi. Rudi nyuma taratibu bila kugeuka ghafla. Kwa mabata bukini wenye miguu ya waridi usipange kukaribia chini ya mita 300 mahali pa wazi. Wale weusi huvumilia zaidi, lakini uvumilivu wao usiujaribu. Ukiwa barabarani, kaa ndani ya gari na utazame kupitia dirishani, maana ndege huliogopa gari kidogo sana kuliko mtu aliyesimama kando yake.

Tahadhari: kosa linalofanywa zaidi ni la mpiga picha mwenye simu, ambaye husogea hatua tano, kisha tano nyingine, hadi kundi zima linyanyuke. Picha ya simu ya ndege walio mbali haitapendeza kwa hatua hizo kumi.

7. Kagua ua wa miti.

Miti yenye matunda mekundu huvuta ndege wawili wa Skandinavia, Turdus pilaris mwenye kichwa cha kijivu na Turdus iliacus mwenye mstari mweupe juu ya jicho na wekundu ubavuni. Kaa umbali wa kutosha na usubiri. Wakishaogopa huenda mti wa mbali kabisa.

8. Mtafute sungura wa mashambani.

Lepus europaeus hachimbi shimo. Hulala mchana katika kilalio kifupi alichokikwangua ardhini, masikio yamelazwa mgongoni, na kutoka mbali ni uvimbe wa kahawia tu katikati ya ngano. Kagua uvimbe wa namna hiyo hasa upande wa shamba usiopigwa na upepo. Upepo uwe unatoka kwake kuja kwako. Ukiwa na bahati ya kumwona akiwa ametulia, usimkodolee macho ukitembea moja kwa moja kumwelekea. Pita kwa upande, naye mara nyingi atabaki.

Sakitu, theluji na tope laini hukuonyesha waliopita usiku. Nyayo za sungura huja nne nne: mbili ndogo moja nyuma ya nyingine, kisha mbili kubwa zimewekwa mbele yake karibu sambamba. Ndogo ni za miguu ya mbele na kubwa ni za nyuma, kwa hiyo kubwa ndizo zinazoonyesha upande aliokwenda, jambo ambalo wengi hulisoma kinyume. Za mbweha huenda kwa mstari mmoja mwembamba.

9. Wakati maji yamejaa, kaa.

Dakika 30 kabla na 30 baada ya maji kujaa usitembee. Kaa mahali penye kificho unapoona shamba na kinamasi kwa pamoja, unywe chai yako, utazame. Ndege watakuja wenyewe. Makundi yakinyanyuka ghafla pande zote bila mtu kuonekana, angalia juu: huenda kozi (Falco peregrinus) anapita. Muda huu ndio mzuri pia kwa bundi mweupe (Tyto alba). Manyoya yake hayazuii mvua vizuri, kwa hiyo baada ya usiku wa mvua huwa na njaa na huendelea kuwinda panya wa nyasini asubuhi kukiwa na mwanga. Hufuata kingo za mifereji kwa mstari. Ukikaa kimya kando ya mstari huo atakuja hadi karibu bila wewe kusogea.

10. Hesabu na uandike papo hapo.

Hesabu ndege kumi, ujifunze jinsi kumi wanavyoonekana, kisha upime kundi zima kwa makumi au mamia. Andika saa, zao la shamba, hali ya maji, idadi, na walichokuwa wakifanya. Kumbukumbu hizo zinaweza kutumwa BirdTrack, mradi unaosimamiwa na British Trust for Ornithology. Hesabu za ndege wa majini nchini humo zimekuwa zikifanywa tangu 1947, na nguvu yake ni watu wa kawaida walioandika kwa uaminifu, wakiwamo walioandika sifuri.

Mambo yanapokwenda kombo

*Shamba ni tupu.* Angalia kwanza maji: ikiwa yamekupwa, ndege wako matopeni, subiri. Ikiwa yamejaa, angalia kama shamba limelimwa au mtambo wa kutisha umewekwa, kisha tafuta shamba la viazi lililovunwa karibuni zaidi.

*Ukungu umefunga.* Usiende mbali na usikaribie vinamasi. Tumia ua wa miti na masikio yako. Asubuhi ya ukungu ni darasa zuri la sauti. Mabata bukini huchelewa kuondoka malaloni, kwa hiyo usikate tamaa kabla ya saa nne.

*Lenzi zimefunikwa na mvuke.* Pumzi yako ndiyo sababu ya kawaida. Teremsha skafu kutoka puani unapoinua darubini. Usizifute kwa glavu, bali ziache kwenye upepo. Ukirudi ndani ya nyumba yenye joto, iache darubini ndani ya mkoba wake uliofungwa hadi ipate joto polepole.

*Njia imelimwa.* Mkulima anaruhusiwa kulima juu ya njia inayokatiza shamba ikiwa hakuna namna nyingine rahisi, lakini kwa kawaida anapaswa kuirudisha ndani ya siku 14, ikiwa na upana usiopungua mita moja kwa njia ya miguu. Una haki ya kufuata mstari wake wa ramani. Ikiwa kuna ndege wengi katikati, ni hiari yako kurudi ulikotoka, nami ningerudi.

*Unasikia bunduki.* Msimu wa kuwinda fizanti, yaani ndege wa jamii ya kuku wenye mkia mrefu, ni 1 Oktoba hadi 1 Februari, na wa bata na bata bukini huendelea hadi 31 Januari kwenye nchi kavu na 20 Februari chini ya alama ya maji kujaa. Baki kwenye njia, uonekane, na usubiri watu wakupungie mkono upite. Fizanti hawawindwi Jumapili nchini England, kwa hiyo siku hiyo mashamba ya ndani huwa tulivu zaidi.

*Vidole vimekufa ganzi au unatetemeka bila kukoma.* Matembezi yameisha. Rudi kwa njia fupi, vaa kila ulicho nacho, kunywa cha moto. Kutetemeka kukikoma huku mtu akianza kuchanganyikiwa ni dharura, piga 999.

*Umeshindwa kumtambua ndege.* Andika ukubwa wake ukimlinganisha na ndege wa karibu yake, urefu na umbo la mdomo, rangi ya miguu, na namna alivyotembea. Rangi ya mwili iandikwe mwisho, maana jua la chini hudanganya. Usilazimishe jina, "bata bukini, aina haikujulikana, 140" ni kumbukumbu halali.

*Umekuta ndege mgonjwa au mfu.* Usimguse, wala mbwa asimkaribie. Homa ya mafua ya ndege imewaua mabata bukini wengi Uingereza tangu majira ya baridi ya 2021. Piga picha kwa mbali, andika mahali kwa usahihi kutoka kwenye ramani, toa taarifa kwa Defra, wizara ya mazingira na kilimo, kupitia tovuti ya serikali, kisha usafishe gambuti zako kwa maji na dawa kabla hazijakanyaga penye kuku au bata wa kufugwa.